Oya, Weka Chini Tyubu Nyeusi

Ukitaka kumtambua mwanafunzi wa sanaa aliyefulia, muulize siku hizi anachora nini. Akikujibu "najichora mwenyewe", mnunulie chai na chapati halafu usimuulize kitu kingine. Kitaa wanajua kujichora ni ubishoo: msela kajikubali mpaka kapitiliza, anajimwambafai mbele ya kioo. Wapi! Ishu ni mkwanja. Modo analipwa. Mshkaji ukimwomba akae umchore, atakubali fasta, ila hajapoa hata kidogo simu inaita, demu wake anamsaka, kaondoka na wewe umebaki na sikio moja na nusu shingo. Sura yako mwenyewe haina mambo hayo. Haidai posho, haichelewi, na ikiwa na njaa ni njaa yako hiyohiyo, mnaelewana.

Wala sio msoto wa Bongo peke yake. Mwamba Vincent van Gogh, ambaye leo picha zake ni za mabilioni, alijichora zaidi ya mara 35, nyingi akiwa Paris kati ya 1886 na 1888, kwa sababu hakuwa na hela ya kulipa watu wakae mbele yake. Alikamata kioo akakomaa nacho. Kwa hiyo ukimwona mtu anajikodolea kwenye kioo saa nzima, kakunja ndita, usimcheke. Yuko kazini.

Mimi ni mtoto wa Msimbati, Mtwara Kuchele, upande wa Ghuba ya Mnazi. Ukisogea kusini kidogo ni mdomo wa Ruvuma, ng'ambo Msumbiji. Wengi wanatujua kwa gesi: iligunduliwa hapa 1982, ikalala chini miaka kibao, na 2015 bomba likafika Dar. Wengine wanatujua kwa hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650, bahari na mikoko na vijiji vyetu humohumo ndani. Mchoraji hakuna anayemtegemea atoke huku. Ukisema unasomea sanaa, swali linalofuata ni moja tu: unaimba?

Nasoma chuo kimoja mbali na home. Jina nalimezea, maana kozweki zangu bado ziko mezani kwao.

Kwa asiyejua mishe za chuo: kozweki ni zile alama 40 unazozisaka muhula mzima kwa asaimenti na majaribio, kabla ya mtihani wa mwisho wenye 60. Kwetu usipofikisha 16 kwenye hizo 40, chumba cha mtihani utakisikia kwa wenzako. Ukiteleza kwenye mtihani kuna sapu, ukiteleza na sapu unakeri somo, ukizingua zaidi unadisko, unarudi kwenu na begi lako. Sasa mwana wa uhasibu akibanwa ana madesa, anapiga msuli usiku kucha, asubuhi anaenda kutema nondo. Sisi msuli wa usiku mmoja hausaidii, mkono haukariri. Na rangi ya mafuta yenyewe haina haraka na mtu. Ukiipaka usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, unakabidhi picha mbichi, na lekchara akiigusa anaondoka na pua yako kidoleni.

Kudesa ndiyo usiguse kabisa. Elimo Njau, Mtanzania wa Marangu aliyesoma Makerere na kuanzisha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, alikuwa mkali hatari kwa wasanii wanaoiga. Na kwenye kujichora hata ukitaka kudesa utaanzia wapi? Uige sura ya jirani yako halafu useme ni wewe?

Mzigo wa likizo hii ni picha za sura yako, za mkaa na za rangi, ikiwemo moja ya usiku na moja ya juani. Chuo kikifungua tunazitundika ukutani, lekchara anapita anamhoji kila mtu mbele ya darasa zima. Hapo ndipo tumbo linapocheza. Picha ya chungwa ikipondwa unanuna, unasahau. Ikipondwa sura yako, pale anaposema pua haijakaa sawa, halafu darasa zima linageuka kuiangalia pua yako laivu walinganishe, unatamani bajaji ipite ikubebe.

Vifaa navyo ni vita. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likichelewa, kila kitu kinachelewa. Tyubu ndogo ya rangi ya mafuta inameza hela ya msosi wa siku kadhaa, na maduka ya rangi huku kwetu ni ya kupaka nyumba. Ndio maana namheshimu kinoma Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, kusini hukuhuku. Mwaka 1968 alianza kuchora Dar kwa rangi za ng'arang'ara zile za kupakia baiskeli, juu ya vibao vya silingi. Polisi wakampiga risasi kimakosa mwaka 1972, ila ndani ya muda huo mfupi kashaanzisha mtindo unaolisha familia mpaka leo. Mimi nimechukua njia yake kwa vipande vya hadibodi alivyobakiza fundi seremala wa hapa kijijini. Napaka upande laini rangi nyeupe ya ukutani, nasugua na msasa, tayari, kitambaa cha kuchorea sina shida nacho.

Mkaa natengeneza mwenyewe. Mikoko hapana, hii ni hifadhi, usijiingize matatizoni. Natumia vijiti vya mkorosho vinavyobaki watu wakipogolea mashamba. Unavimenya maganda, unavipanga vibanane kwenye kopo la maziwa ya unga, unafunika, unatoboa tundu moja la msumari kwenye kifuniko, unalisukumia kopo motoni. Moshi mzito unatoka pale tunduni, unapungua taratibu, ukikata ndio kitu kimeiva. Hapo usiwe na kiherehere. Ukifungua kopo likiwa la moto, hewa inaingia, vijiti vyote vinakuwa majivu unaviona. Unaliacha mpaka asubuhi. Mkaa wenyewe unakatika ukiukandamiza, ila ni wa dezo, na alama za mkaa hazina bei.

Sasa tuje kwenye ishu iliyonifanya niandike.

Darasani mtu akiambiwa ajichore, mkono wa kwanza unaenda kwenye tyubu nyeusi. Anaipiga nyeupe apate sehemu za mwanga, anaongeza kahawia kidogo apate ngozi, freshi, kamaliza. Inatoka sura ya kijivu, ya mtu aliyezimia. Nyeusi ya tyubu haina urafiki: inaua kila rangi inayokutana nayo, na ukiichanganya na nyeupe inakupa rangi ya saruji. Halafu mtu anashangaa mbona kwenye picha anaonekana anaumwa.

Hii kitu hatukuianzisha sisi. Vitabu vingi vya kujifunzia kuchora sura vinavyozunguka vyuoni vimetungwa na Wazungu kwa sura za Wazungu. Crayola ya Marekani ilikuwa na kalamu ya nta ikiitwa rangi ya ngozi, pinki iliyopauka, mpaka 1962 ndipo ikabadilishwa jina ikawa Peach. Kodak kwa miaka mingi walisawazisha rangi za picha zao kwa kadi zenye mwanamke mweupe, mafundi wakiziita kadi za Shirley, ndio maana kwenye picha za zamani watu weusi wamebaki meno na macho. Na simu zetu hizi zina kile kitu cha kurembesha sura, ukikiacha wazi kinakuchubua bila mkorogo. Mtu anayejichora kwa kuangalia selfi yake anachora sura ambayo simu imeshaipangia. Hata pua inatoka kubwa, kwa kuwa lenzi iko karibu mno.

Njoo Ruvula, ufukweni huku kwetu, uone ngozi nyeusi ina nini. Saa za mchana jua liko utosini, mchanga wa huku ni mweupe unaumiza macho. Ukikaa nje ya kivuli cha mivinje, mwanga unakupiga mara mbili, mara moja toka juu na mara ya pili toka chini. Chini ya kidevu, ambako vitabu vinasema pawe giza, panang'aa. Matundu ya pua yanaonekana mpaka ndani. Paji la uso, pale jasho lilipo, halina weupe wa njano hata kidogo: lina buluu, kwa sababu ngozi yetu iking'aa inarudisha rangi ya mbingu. Ukigeuka upande wa maji, taya linachukua kijani cha bahari. Kwenye kivuli, mashavuni karibu na sikio, kuna wekundu wa damu kabisa. Nyeusi iko wapi hapo? Mimi giza langu nalitengeneza kwa kahawia iliyokolea na buluu ya altramarini. Nikitaka joto naongeza kahawia, nikitaka baridi naongeza buluu. Tyubu nyeusi nimempa dogo mmoja aandike jina la mtumbwi wa kwao.

Hata mpingo, ambao watu wanauapia kuwa ndio weusi wenyewe, ukiuchonga mbichi una zambarau na kahawia ndani. Wachongaji wa Kimakonde wanalijua hilo toka kitambo. Wanaopaka mti wowote kiwi ya viatu wamuuzie mtalii kwa jina la mpingo ndio wanaoamini kuwa weusi ni mmoja.

Muhula uliopita nilikabidhi sura yangu yenye buluu pajini na kijani chini ya kidevu. Ikarudi na wino mwekundu: rangi si halisi. Alama zikakatwa. Nilimfuata lekchara kistaarabu, shikamoo na nini, nikamweleza habari ya mchanga na bahari. Akasema mtu huchorwa jinsi alivyo. Sikubishana sana, kozweki ni kozweki, lakini mpaka leo sijakubali. Jinsi nilivyo ni wapi? Kwenye korido ya chuo chini ya taa ya tyubu, au kwetu saa sita mchana?

Kioo ninachotumia sasa hivi ni saidimira ya bodaboda, ya kulia, iliyong'oka jamaa alipokula mweleka kwenye mchanga. Kina mbinuko. Pua inakuja mbele, masikio yanakimbilia nyuma, nyumba nzima ya bibi inaingia nyuma ya bega langu. Mtaliano Parmigianino alijichora kwa kioo cha mbinuko mwaka 1524 hivi, mkono ukatoka mkubwa kuliko kichwa, na dunia ikampigia makofi. Mimi nikikabidhi hiyo, napigwa sapu.

Bibi ndiye mkosoaji wangu mkubwa. Ananikuta uani nimekaa na hadibodi mapajani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Siye. Wewe kovu lako liko jicho la kushoto. Huyu la kwake liko kulia."

Ndipo nikaanza kumfafanulia kwamba kioo kinageuza, kwamba mimi najijua hivyo kwa sababu sijawahi kujiona vingine. Hata van Gogh, Januari 1889, alijichora na bendeji sikio la kulia kumbe alilokata ni la kushoto. Bibi hakutaka habari za van Gogh. Alisema yeye ananijua tangu nazaliwa, kovu liko kushoto, na mtu mwenye kovu kulia aende kwa bibi yake. Lekchara huwa hasemi lolote kuhusu hilo, na mbele ya bibi nilikosa pa kutokea: sura ninayoijua mimi ni mimi peke yangu ninayeiona, kijiji kizima kinaijua nyingine.

Halafu bibi mwenyewe ana mchoro usoni. Asili yake ni ng'ambo, uwanda wa juu wa Mueda, alivuka Ruvuma akiwa binti. Mashavuni na pajini ana nembo, mistari ya pembepembe inayokutana, ile ya Wamakonde wa zamani. Nimeikodolea kwa karibu nikimchora kwa mkaa. Kwa mbali unadhani ni mistari tu ya buluu iliyofifia. Ukisogea unaona kila mstari ni safu ya vikato vidogo vidogo, na ngozi imeinuka kidogo pembeni, kwa hiyo asubuhi jua likija kwa ubavu kila kikato kinatupa kivuli chake. Fundi alichanja kwa kisu kidogo, akasugua masizi ya mbono, kikipona kinachanjwa tena mpaka kikolee. Nikamuuliza, ulilia? Akasema aliyelia alichekwa mpaka kuzeeka. Kisha akanigeuzia kibao: "Sisi tulichorwa tukamaliza. Wewe unajichora kila siku, hujapatia tu?"

Nembo kwenye mkaa ni balaa kuichora. Ukikaza mkono inakuwa chapa ya khanga, ukilegeza inakuwa uchafu. Nilichofanya ni kujaza shavu lote kivuli cha kati, halafu nikachukua kipande cha mkate, nikakifinya kikawa na ncha, nikafutia mwanga kikato kwa kikato. Kazi ya kichaa, ila iko freshi. Naiweka kwenye mzigo wa likizo hii ingawa aliyechorwa sio mimi. Wakinikata alama, wanikate.

Sio kwamba natafuta ugomvi, nina mtu wa kunitetea. Mwaka 2022 National Portrait Gallery ya London, iliyoanzishwa 1856, ilinunua picha ambayo Everlyn Nicodemus alijichora mwaka 1982. Miaka yote hiyo hawakuwahi kuwa na sura ya rangi ambayo mwanamke mweusi kajichora kwa mkono wake, na wa kwanza kuingia akawa Mtanzania. Kazaliwa Marangu 1954, palepale kwa kina Elimo Njau. Hawa jamaa wanakunywa maji gani? Alihamia Sweden 1973, chuo akasomea anthropolojia, sio kuchora. Onyesho lake la kwanza alilifanya Makumbusho ya Taifa, Dar, mwaka 1980. Miaka miwili baadaye ndio akajichora hiyo, na kaiita kwa jina la mji wa huko Sweden, Åkersberga. Sasa sikia: kwenye hiyo picha hakujiweka sura moja. Kaweka nyuso kadhaa zimepandana, moja inaingia kwenye nyingine. Nimeiangalia kwenye simu mpaka bando likakata. Najaribu kumwona lekchara wangu na kalamu yake nyekundu mbele ya picha hiyo. Pua ipi haijakaa sawa, mzee?

Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye sauti na ndiye aliyeuza korosho nikalipiwa ada, hana shida na pua. Yeye anauliza utakula nini. Nimempa habari za George Lilanga, Mmakonde wa Masasi, aliyezaliwa 1934: alifika Dar, akapata kibarua cha ulinzi wa usiku Nyumba ya Sanaa miaka ya 1970, akaanza kuchora mashetani yake ya masikio makubwa kwa rangi kali, mwisho kazi zake zikazunguka Ulaya, Japani na Marekani. Mjomba akasikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akasema: "Kwa hiyo alianza na kazi ya ulinzi." Sikuwa na jibu la haraka. Na sitaki dogo yeyote asome habari za Lilanga na Tingatinga halafu aache chuo akidhani kozweki ni ujinga. Wale walikomaa bila darasa kwa sababu darasa hawakulipata. Mimi nimelipata, nalipia, na nataka alama zangu.

Ndio maana ombi langu kwa malekchara ni la kawaida kabisa. Kabla ya kuandika rangi si halisi, mtoeni mwanafunzi nje mumwangalie juani. Mnapofundisha kujichora, pamoja na kina Rembrandt, pigeni na picha ya Nicodemus ukutani, pigeni na nyuso zinazochongwa na Wamakonde wa Newala, darasa lijue kuna njia zaidi ya moja ya kuiweka sura ya mtu. Na siku ya kwanza kabisa kusanyeni tyubu nyeusi zote mzifungie kabatini hadi muhula uishe.

Kwa wanangu mnaojichora: kaa karibu na dirisha, zima simu, angalia kidevu chako kabla hujaamua kina rangi gani. Na kama kuna mtu Mtwara mjini ana mlango wa kabati wenye kioo bapa anataka kuutupa, asiutupe. Aupakie kwenye gari za Msimbati, nauli nalipa mimi, kabla chuo hakijafungua.